Caesar Tarrant, rubani mtumwa wa Virginia: kwa nini hakukimbilia upande wa mfalme?

Serahangi Mstaafu

Salaam kwenu nyote. Nina swali lililonikaa kifuani wiki ya tatu sasa, na nyumbani sina wa kulijadili naye.

Nilikuwa mtu wa bahari. Miaka 19 nimeimaliza kwenye vyombo vya mizigo. Nilianza kwa kufua maji ngamani, nikaondoka nikiwa serahangi, msimamizi wa mabaharia. Siku hizi nasoma. Nikipata habari ya vyombo vidogo vilivyolazimika kupigana na vikubwa, siiachi mpaka niimalize. Ndivyo nilivyolifikia jeshi la majini la Virginia la wakati wa vita vya uhuru wa Marekani.

Vita vile vya 1775 hadi 1783 vikitajwa, watu humkumbuka George Washington na askari wake wa nchi kavu, au manowari za Ufaransa zilizokuja mwishoni. Wachache wanajua kwamba kati ya makoloni yale 13, 11 yalikuwa na majeshi yao ya majini, mbali kabisa na lile la Kongresi, baraza la makoloni yote. La Virginia lilianza Desemba 1775, mkutano wa waasi ulipoipa Kamati ya Usalama ruhusa ya kutafuta vyombo na kuvitia silaha. Wakachukua skuna, vyombo vidogo vya matanga vilivyozoea kubeba tumbaku, wakaziwekea mizinga. Wakaunda na mashua ndefu za makasia. Majina yake nimeyashika kama majina ya jamaa zangu: Liberty, Patriot, Henry, Manley, Page, Lewis, Dragon, Tempest. Upande wa pili Mwingereza alikuja na manowari kama Roebuck, yenye mizinga 44.

Sasa itazameni Ghuba ya Chesapeake kwenye ramani. Mito minne mikubwa inamwagika humo, James, York, Rappahannock na Potomac, na vihori havina idadi, na mafungu ya mchanga yako kila upande. Pale Hampton, mji ulio karibu na mdomo wa ghuba, tofauti ya maji kupwa na kujaa haifiki mita 1. Mimi nimekulia kwenye maji yanayopanda mita 3 na zaidi. Ukikwama wakati wa kupwa unapika chai, unasubiri, maji yatakuja kukuinua. Kule ukipanda fungu maji yakiwa yamejaa, umepanda. Kwa hiyo mwenye mizinga 44 na mwenye mizinga 8 wote wawili wanamtegemea mtu mmoja, yule anayesimama karibu na usukani akisema mgeuze kidogo, mshike hapo hapo. Rubani.

Na wengi wa waliokuwa wakiongoza vyombo katika maji yale walikuwa watumwa weusi. Hapo ndipo swali langu lilipo.

Caesar Tarrant alikuwa mtumwa wa Carter Tarrant wa Hampton. Bodi ya Majini ya Virginia ilipoteua marubani 7, yeye alikuwa mmoja wao. Aliiongoza Patriot. Siku skuna hiyo ilipopambana na chombo cha Kiingereza kilichoitwa Lord Howe, kusini mwa Cape Henry, rasi ya mlangoni mwa ghuba, usukani ulikuwa mikononi mwake. Vita vikaisha 1783. Caesar aliachiwa huru 1789. Miaka 6 baada ya watu aliowapigania kupata uhuru wao!

Mji ule ule wa Hampton ulikuwa na rubani mwingine, Joseph Harris, mtumwa wa Henry King. Huyu Julai 1775 alikimbilia manowari ya Kiingereza, Fowey. Nahodha wake, George Montagu, akamkabidhi kwa Matthew Squire, nahodha wa Otter, pamoja na barua ya kumsifu: anavijua vihori vya Pwani ya Mashariki ng'ambo ya ghuba, Mto York, Mto James, Nansemond na vingine vingi.

Hampton ilikuwa mji mdogo. Sioni namna watu wawili wa kazi moja wasijuane pale. Walipita mlango mmoja wa mto na waliyakwepa mafungu yale yale. Mmoja akaenda kwa mfalme, mwingine akabaki kuwaongozea chombo watu waliomfanya mali. Kwa nini Caesar alibaki? Naomba anayejua anisaidie, na asiyejua anipe anavyoona.

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mzee wangu. Umeniharibia usingizi, maana historia hii naifundisha kila mwaka na marubani sikuwahi kuwapa hata dakika kumi.

Nianze na Harris, kwa sababu habari yake inaonyesha jinsi rubani mmoja alivyokuwa na uzito. Tarehe 2 Septemba 1775 tufani kubwa ilipiga Virginia. Squire alikuwa ndani ya chombo kidogo cha kuifuata Otter, na tufani ikakitupa ufukweni karibu na Hampton, katikati ya watu wasiompenda hata kidogo. Yeye na Harris wakaingia porini. Harris akapata mtumbwi kwa mtu mweusi mwenzake, akampigia kafi nahodha wa mfalme mpaka akamfikisha salama kwenye manowari yake. Huku nyuma wenyeji wakakichoma moto chombo kilichokwama.

Squire akaandika barua kwa hasira akitaka vitu vyake virudishwe. Kamati ya mji ikamjibu kwamba kwanza yeye amrudishe Joseph Harris, mali ya muungwana wa mji wao, na watumwa wengine wote aliowachukua. Mzee, hebu itazame barua hiyo kwa jicho la bahari. Wameanza kuzungumza habari za haki na uhuru, na sharti la kwanza wanaloweka mezani ni rubani wao!

Mwishoni mwa Oktoba Squire alirudi kuupiga mji. Wenyeji walikuwa wamezamisha mashua kuuziba mlango wa mto. Waingereza wakafanya kazi usiku mpaka wakapasua njia. Asubuhi wakaanza kupiga mizinga, lakini kumbe askari wenye bunduki za kulenga mbali walikuwa wamefika kutoka Williamsburg wakiongozwa na William Woodford. Walipiga risasi kutoka madirishani, na vyombo vilikuwa karibu mno na nyumba kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusimama kwenye mzinga wake bila kuonekana. Chombo kimoja kikatekwa, vingine vikaondoka mbio. Mimi darasani huwa nasema vita vya Virginia vilianza kwa sababu ya kodi na bunge. Mwaka huu nitaongeza kwamba ugomvi wa Hampton ulikuwa pia wa kumgombania mtumwa aliyejua njia ya maji.

Kuhusu Caesar sina jibu la kukupa. Ila zingatia tarehe. Tangazo la Dunmore, gavana wa mfalme huko Virginia, la kuwapa uhuru watumwa watakaojiunga naye ni la Novemba 1775. Harris aliondoka Julai, kabla hajaahidiwa chochote hadharani. Hakusubiri bei itajwe.

Mwanaharusi

Mzee Serahangi, shikamoo. Niwie radhi, nitasema kwa ukali kidogo, lakini ukali wangu si kwako.

Swali la "kwa nini hakukimbia" huwa linaniuma. Linamfanya aliyebaki aonekane kama aliyeridhika. Tuanze na nyumbani kwake. Caesar alikuwa na mke, Lucy, na Lucy hakuwa wa Carter Tarrant. Alikuwa mtumwa wa jirani, John Rogers. Mke ni mali ya bwana mwingine, na watoto wanamfuata mama katika utumwa. Mtu huyu akiingia kwenye mtumbwi usiku kwenda kwenye manowari, anamwacha nani mikononi mwa nani? Akikimbia na familia, ni watumwa wa mabwana wawili wanaotafutwa kwa pamoja.

Pili, tangazo la Dunmore halikuwa la watu wote. Liliwahusu watumwa wa waasi, wenye uwezo wa kubeba silaha. Watumwa wa waliobaki watiifu kwa mfalme hawakuguswa, na Dunmore mwenyewe alikuwa na watumwa. Waliomwendea aliwaunda kikosi kilichoitwa cha Waethiopia. Halafu ndui ikawaingia. Kambini karibu na Portsmouth wakafa, na walipohamishiwa Kisiwa cha Gwynn, mdomoni mwa Mto Piankatank, wakafa zaidi, kwa ndui na homa, mamia ya watu. Julai 1776 mizinga ya Andrew Lewis iliwatimua pale, na waliokwenda kukagua kisiwa waliwakuta waliokufa na wanaokufa wamelala ufukweni. Agosti Dunmore akaondoka Virginia moja kwa moja. Habari hizo mtu anayeongoza vyombo katika ghuba ile alizijua wiki ile ile. Na waliokamatwa wakikimbia, sheria ya waasi iliruhusu wauzwe visiwa vya Karibi.

Tatu, tusiseme "aliwapigania" kana kwamba alijiandikisha. Mtumwa akikodishwa serikalini, bwana ndiye anayepokea fedha. Mimi nasita kumwita mzalendo. Namwita mtu aliyekuwa na kazi ngumu, mke na watoto, na njia mbili zote mbaya.

Serahangi Mstaafu

Marahaba mwalimu. Marahaba mwanangu Mwanaharusi. Ukali wako nimeupokea, na habari ya Lucy sikuwa nayo. Imenifanya niweke kitabu chini nikatoka nje.

Lakini niruhusuni niseme jambo moja la kazi, kwa sababu hapo ndipo mimi ninapopajua.

Rubani ana mamlaka ambayo nahodha hana. Nahodha anaweza kumfunga minyororo, anaweza kumpiga, lakini chombo kikishaingia kwenye maji yenye mafungu asiyoyajua, yule mtu ndiye mwenye chombo mpaka mtakapotoka. Nimeliona hili kwa macho yangu. Nilikuwa kijana, tunaingia bandari moja usiku, na rubani wetu alikuwa mzee mwembamba asiyevaa viatu. Nahodha alikuwa mtu wa kelele. Usiku ule hakutoa sauti. Mimi nilikuwa omo, mbele ya chombo, na bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, natupa, navuta, nasoma pima, nanusa risasi yake. Chini ya bildi huwa tunapaka mafuta ya mnyama ili mchanga wa chini ung'ang'anie. Mzee yule hakutaka nimwambie pima tu. Aliniambia nimletee bildi yenyewe. Akausugua mchanga kwa kidole gumba, akasema hapa tuko mashariki mno. Hakuna ramani yenye kitu hicho.

Sasa mfikirieni Caesar ndani ya Patriot. Skuna ndogo, watu weupe wenye bunduki kila upande, na usiku mmoja baada ya mwingine wanapita pembeni mwa fungu la Horseshoe, nje kidogo ya Hampton, manowari za Kiingereza zikiwa zimetia nanga wanaona taa zake. Siku yoyote angeweza kukosea kwa pima 1 tu. Chombo kingepanda, Waingereza wangekikuta asubuhi, naye angesema gizani sikuona. Nani angemthibitishia? Alifanya kazi ile miaka, na hakukipandisha.

Sisemi alikuwa mzalendo. Nasema hakuwa mtu wa kusukumwa tu. Mtu anayeshikilia maisha ya watu wote walio chomboni na akawa anawarudisha nyumbani kila mara, ndani ya nafsi yake kuna hesabu aliyoifanya. Ndiyo hiyo ninayoitafuta. Pengine ni Lucy. Pengine alijua kwamba watu hawa wakishinda watakuwa na deni kwake, na akaamua kulisubiri. Pengine ni heshima ya kazi, maana kuna watu hawawezi kuharibu chombo hata cha adui.

Kuna mwingine wa kumtaja hapa, Mark Starlins. Huyu alizaliwa Afrika, naye akawa rubani huko huko Virginia, na mabaharia walimwita kapteni. Anajulikana kwa sababu James Barron mdogo, mwana wa komodori wa jeshi lile, alimkumbuka katika maandishi yake ya uzeeni na akamsifu sana. Starlins alikufa mara baada ya vita, bado mtumwa. Kapteni mdomoni, mtumwa kwenye karatasi. Nikisoma hilo ninatetemeka.

Kasia Moja

Wazee na ndugu, shikamooni. Naongeza kuhusu jeshi lenyewe, kwa sababu mzee aliuliza habari ya vyombo vidogo na tumeisahau kidogo.

Kazi yake kubwa haikuwa kupigana na manowari. Ilikuwa kuchungulia nani anaingia kati ya Cape Henry na Cape Charles, kukamata vyombo vya mizigo vya adui, na kusindikiza au kubeba tumbaku kwenda visiwa vya Karibi ili irudi ikiwa baruti na chumvi. Lango la ghuba likizibwa, mizigo ilipitia mlango wa Ocracoke huko North Carolina, ikapanda mpaka South Quay kwenye Mto Blackwater, ikamalizia safari kwa magari ya kukokotwa. Ndiyo maana Virginia iliunda mashua mbili kubwa za makasia huko South Quay, Caswell na Washington, kulinda mlango wa jirani.

Ushindi wao nilioupenda ni wa Juni 1776. Meli ya Kiingereza iitwayo Oxford ilikuwa imebeba askari wa Kiskoti. Ilitekwa kwanza na Andrew Doria, brigi ya Kongresi, lakini askari wakawazidi nguvu waliowekwa kuiongoza, wakaigeuza kuelekea Virginia wakimtafuta Dunmore. Hawakujua ghuba. James Barron na ndugu yake Richard, wenye Liberty na Patriot, wakawakuta. Skuna mbili ndogo zikaiteka meli nzima na Waskoti 217, wakashushwa Jamestown. Wale askari walikuwa wengi kuliko mabaharia wa skuna zote mbili, lakini hawakujua walipo.

Kilichoua jeshi hili ni mambo ya nchi kavu. Lilikuwa na uwanja wake wa kuunda vyombo kwenye Mto Chickahominy na kiwanda cha kamba huko Warwick, ila fedha ya karatasi ilikuwa inayeyuka, na baharia mwenye akili aliona heri ajiunge na meli za watu binafsi zenye hati ya kuteka, ambako fungu lake la ngawira lilizidi mshahara wa serikali. Mei 1779 Waingereza waliingia Portsmouth na Suffolk, wakaharibu au kuchukua vyombo zaidi ya 100, vingi vikiwa vya biashara. Aprili 1781 alikuja Benedict Arnold, yule jenerali aliyehama upande. Chickahominy ikachomwa. Warwick ikachomwa. Tarehe 27 Aprili, mahali paitwapo Osborne's chini ya Richmond, alivikuta vyombo vilivyobaki vimejikusanya mtoni, Tempest, Renown, Jefferson na wenzao. Akapanga mizinga ukingoni akaanza kuvipiga. Mabaharia wakavitia moto vingine, wakavitoboa vingine, wakakimbilia ng'ambo. Hakuna kilichoponyoka. Mto huficha vyombo vidogo, lakini siku ile mto uligeuka kuwa mtego, maana Mwingereza hakuja kwa maji. Alikuja kwa miguu.

Liberty haikuwepo mle. Ndiyo iliyovuka vita yote.

Na kuna Joseph Ranger. Huyu alikuwa mweusi huru, akajiandikisha mwenyewe 1776. Alitumikia Hero, kisha Dragon, kisha Jefferson mpaka ilipolipuliwa, kisha Patriot, nayo ikatekwa na yeye ndani, muda mfupi kabla ya Cornwallis, jenerali wa Kiingereza, kusalimu amri Yorktown. Akaachiwa, akarudi kwenye vyombo vya Virginia, na hakuacha mpaka 1787. Miaka 11. Sidhani kuna wengi wa rangi yoyote waliotumikia jeshi lile muda huo.

Mwanaharusi

Kasia Moja, ahsante kwa Ranger. Mzee, nimerudi kwa sababu ya neno lako "deni".

Deni lilikuwepo, lakini angalia lilivyolipwa. 1783 Bunge la Virginia lilipitisha sheria ya kuwaachia watumwa waliopelekwa na mabwana zao kutumikia jeshini badala ya mtu huru. Caesar hakuwa badala ya mtu, alikuwa rubani. Sheria ikampita pembeni. Carter Tarrant akafa 1784 na Caesar akarithiwa na mjane wake, Mary, pamoja na vitu vingine vya nyumbani. Ilibidi 1789 Bunge litunge sheria kwa jina lake yeye mmoja, ikikiri kwamba aliingia mapema katika utumishi wa nchi na akaendelea kuongoza vyombo vyake vya silaha vita vyote. Serikali ikamlipa mjane. Yaani hata kwenye shukrani, fedha ilikwenda kwa Tarrant mwingine.

Mwaka huo huo katiba mpya ya Marekani ilikuwa imeanza kufanya kazi, na ilikataza jimbo kuwa na manowari wakati wa amani bila ruhusa ya Kongresi. Hivyo Caesar alipata karatasi yake wakati jeshi aliloliongoza halipo tena.

Alichofanya na uhuru ndicho kilichonifanya nipunguze ukali. Aliendelea na urubani. 1793 alinunua kiwanja Hampton, katika sehemu ya mji waliyokaa marubani weupe. Mwaka huo huo John Rogers akamwachia huru Lucy pamoja na binti yao mdogo, Nancy, mtoto wa mwaka mmoja na miezi. Watoto wawili wakubwa, Sampson na Lydia, wakabaki utumwani. Caesar alipofariki, miaka michache baadaye, wosia wake ulimwachia Lucy mali, na ukataka Sampson akombolewe kwa mali hiyo.

Kwa hiyo nikikubali kwamba alifanya hesabu, mzee, basi hesabu yenyewe nadhani ni hii hapa: Lucy, Nancy, Sampson, Lydia. Alimaliza wawili. Nancy ndiye aliyepata malipo ya vita ya baba yake, ardhi ya Ohio ambayo mabaharia wa Virginia waliahidiwa. Aliipata 1831.

Mwalimu wa Zamu

1831 ni miaka 50 baada ya Osborne's. Nimeandika namba hizo ubaoni leo asubuhi kabla ya kipindi kuanza, bila maelezo: 1775, 1783, 1789, 1793, 1831. Nikawaambia wanafunzi huo ni mstari wa maisha wa vita vya uhuru kwa familia moja ya Hampton. Binti mmoja akauliza mbona Sampson hana mwaka wake. Nikakaa kimya. Nimemwandikia jina kando ya mstari.

Serahangi Mstaafu

Mwanaharusi mwanangu, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Kiwanja kile cha 1793 ndicho kilichonijibu, kuliko vita vyote tulivyohesabu hapa. Marubani huishi mahali wanapoona maji. Anayetaka rubani asubuhi hutembea mtaa ule akigonga milango, na mlango mmoja ulikuwa wa Caesar. Mtu aliyekuwa akikodishwa na bwana wake sasa anagongewa yeye, na malipo anapokea kwa mkono wake, na anajua kila anachoweka kando ni cha nani.

Harris nami simlaumu hata chembe. Yeye aliona mlango uko wazi Julai ile, akapita. Angengoja, pengine mlango usingekuwepo. Nimewahi kuona mabaharia wawili wa kijiji kimoja, dhoruba moja, mmoja anaruka majini kuogelea na mwingine anabaki ameshika mlingoti, na wote wawili walikuwa wanafikiria watoto wao.

Kasia Moja, nakuomba jambo. Nimeanza kuchora ramani ya maji yale kwa penseli kwenye daftari kubwa, mafungu na vilindi, ili nione Patriot ilipita wapi. Horseshoe nimelichora tayari, na Cape Henry, na mdomo wa Mto James. Nimekwama kwenye mlango wa Mto Hampton, pale walipozamisha mashua. Kama unayo ramani ya zamani inayoonyesha upana wa kilindi pale, niwekee hapa. Nataka kujua mtumbwi wa Harris ulitokea upande gani.